Mtoto wa Kwanza Ugenini: Ushauri kwa Wazazi Waliohamia Migori na Homa Bay

Swali linalotufikia mara nyingi kutoka pande za ziwa ni lile lile, ingawa kila mtu huliuliza kwa namna yake. Kijana aliyetoka Busia kuja kukata miwa Awendo anauliza mkewe azalie wapi. Dada aliyevuka kutoka Tarime akaolewa Isebania anauliza kama kadi yake ya kliniki ya Tanzania itakubaliwa upande huu. Mwanamke anayesaga mawe ya dhahabu Macalder anauliza nani atamshikia mtoto akirudi kazini. Mvuvi anayelala kisiwani Remba wiki tatu mfululizo anauliza atajuaje mwanawe anaendelea vipi. Wote wanasema jambo moja: sisi si wenyeji wa hapa, mama zetu wako mbali, na mtoto anakuja.

Msimamo wangu nautaja mapema. Wazazi wageni ninaowafahamu hawakosi upendo wala bidii. Wanachopoteza kila wanapohama ni vitu viwili: rekodi za mtoto, na watu wa kuwasaidia. Mengi yaliyoandikwa hapa chini ni namna ya kulinda hivyo viwili.

Amueni mapema: mtoto azaliwe wapi?

Mna njia tatu: mama arudi kwao, mama abaki mnakoishi, au mama wa mmoja wenu aje akae nanyi. Hakuna iliyo sawa kwa kila mtu, ila uamuzi usingoje mwezi wa tisa. Mimba ikifika miezi mitano, kaeni chini mzungumze.

Kama mama anarudi kwao:
- Asafiri mapema, kabla ya wiki ya 36. Matatu na boda boda kwenye barabara mbovu si mahali pa kupatia uchungu.
- Aende na kijitabu cha kliniki na majibu yote ya vipimo: damu, shinikizo la damu, mkojo, virusi vya UKIMWI.
- Akifika tu, ajiandikishe kwenye kituo cha afya cha huko, asisubiri siku ya uchungu ndipo ajulikane.

Kama anabaki:
- Chagueni hospitali na mwende kuitembelea mkiwa bado na muda. Migori kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na Homa Bay vilevile. Hizo ndizo za kukimbilia mambo yakiwa magumu. Kwa uzazi wa kawaida, kituo cha karibu chenye wakunga usiku na mchana kinatosha. Ulizeni wazi: usiku nani yupo? Ambulensi inatoka wapi?
- Tafuteni mwendesha boda boda au dereva mmoja, chukueni nambari yake, mkubaliane bei kabla. Tafuteni na wa pili, kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa na safari siku hiyo.
- Wekeni pembeni hela za usafiri ambazo haziguswi, hata unga ukiisha.

Walio visiwani nawasihi zaidi. Kutoka Mfangano, Ringiti au Remba, hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji iko ng'ambo ya maji, na upepo ukivuma boti haziondoki. Mama ahamie bara mimba ikikaribia wiki ya 36, akae kwa jamaa, kwa mshiriki wa kanisa, au kwenye chumba cha kukodi karibu na hospitali. Uliza pia kama hospitali unayoitaka ina nyumba ya akina mama ya kusubiria uzazi. Mtasema ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Kukodi boti ya dharura saa nane usiku ni ghali zaidi, na haina uhakika wa kufika.

Jambo la bima: huduma za uzazi za Linda Mama sasa ziko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili hufanywa kwa simu kwa kupiga *147#. Jisajili mimba ikiwa changa, na uulize hospitali uliyoichagua ni nini kinacholipiwa na nini utalipa mwenyewe. Msio na kitambulisho cha Kenya, ulizeni ofisi ya hospitali mapema mnahitaji hati gani, ili bili isiwashtue siku ya kutoka.

Kliniki ya wajawazito kando ya ziwa ina lake

Huku malaria haina msimu wa kupumzika. Katika kliniki za kaunti hizi mbili mjamzito hupewa dawa ya kuzuia malaria kuanzia muhula wa pili, tena na tena kila anaporudi, angalau mwezi mmoja kati ya dozi moja na nyingine. Hupewa pia chandarua chenye dawa. Waliotoka sehemu za baridi kama Kisii au Nyamira huishangaa dawa hiyo: "Mbona ninameza na mimi si mgonjwa?" Meza. Mtu aliyekulia mahali penye mbu wachache huumwa vibaya zaidi akihamia hapa, na mjamzito anaweza kuwa na malaria kwenye kondo la nyuma bila homa yoyote. Ukiwa unatumia septrini kila siku mwambie nesi, kwa sababu dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja.

Chandarua ni cha kulalia. Nimeona vingi vikianikiwa omena na vingine vikizungushiwa vitalu vya sukuma wiki.

Wiki ya kwanza

Huu ndio wakati ambao mama mgeni huhisi upweke kuliko wakati mwingine wowote. Nyumbani kwao angezungukwa na shangazi na majirani; hapa kuna chumba cha mabati, mume aliyekwenda kazini, na mtoto anayelia. Tulia, fanya machache:
- Mnyonyeshe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza ya njano usiyakamue ukayamwaga.
- Kitovu kiwe kikavu. Hospitalini uliza dawa ya kitovu ya klorheksidini na uitumie walivyokuonyesha. Usipake majivu, mate, samli wala kinyesi cha ng'ombe.
- Usikimbilie kumwogesha. Ngoja angalau siku nzima. Mfunike, umlaze kifuani, ngozi kwa ngozi.
- Rudi kliniki ndani ya siku mbili kama mlitoka mapema au mlizalia nyumbani, kisha baada ya wiki moja au mbili, kisha wiki ya 6.

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona:
- mtoto hanyonyi, amelegea, anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea ndani;
- mwili una joto kali au ni baridi hata baada ya kumfunika;
- degedege, au viganja na nyayo kuwa njano;
- kitovu kinatoa usaha au ngozi inayokizunguka ni nyekundu;
- kwa mama: damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, au uchafu wenye harufu mbaya.

Usisubiri mume arudi ndipo upate ruhusa. Baba, ukisoma hapa, mpe ruhusa hiyo leo, tena mbele ya jirani, ili siku hiyo asiwepo mtu wa kubishana naye.

Kijitabu cha kliniki kina thamani kuliko begi la nguo

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo watoto wa wazazi wanaohama hupotelea.

Ratiba ya chanjo Kenya kwa ufupi ni hii:
- kuzaliwa: BCG ya kifua kikuu na matone ya polio;
- wiki 6, 10 na 14: polio, chanjo ya pamoja inayozuia dondakoo, kifaduro, pepopunda na mengine, nimonia, na rota ya kuhara;
- mwezi wa 6: vitamini A, ambayo huendelea kila baada ya miezi sita hadi mtoto afike miaka mitano;
- miezi 9 na 18: surua na rubela.

Kuna nyongeza ya huku: chanjo ya malaria. Kenya iliizindua Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, ikiwa nchi ya tatu baada ya Malawi na Ghana, na kaunti za ziwa ndizo zilizotangulia kuipata. Dozi ni nne. Tatu za kwanza hutolewa katika miezi 6, 7 na 9. Ya nne huja mwaka wa pili, na nesi atakuandikia tarehe. Hiyo ya nne ndiyo wengi huikosa, hasa aliyehamia kaunti isiyoitoa, au aliyedhani sindano zimeisha mtoto alipotembea. Kama unapanga kuhama kabla ya dozi hiyo, uliza kwanza utaipata wapi.

Hatua za kufuata:
1. Kijitabu kikae ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, nje ya kapu la nguo za mtoto, kwa sababu maziwa na mvua ndivyo hukiharibu. Andika nambari yako ya simu kwenye jalada.
2. Kila baada ya sindano piga picha ukurasa wa chanjo, uitume kwa mume na kwa mama yako. Simu zikiibwa, moja itabaki.
3. Kabla ya kuhama mwambie nesi: "Tunahamia mahali fulani." Atakuonyesha sindano inayofuata, na akiweza atakupa barua.
4. Ukifika, nenda kliniki wiki hiyo hiyo hata kama mtoto ni mzima. Lengo ni kuandikwa na kujulikana.

"Nimechelewa miezi miwili, wataanza upya?" La. Chanjo iliyokwisha kutolewa inahesabiwa, mnaendelea mlipoishia. "Nimepoteza kijitabu." Nenda ulikochanjia wakatazame rejista, au piga simu uwatajie tarehe ya kuzaliwa na majina. "Kadi yangu ni ya Tanzania." Ipeleke. Nchi zote mbili huchanja wiki 6, 10 na 14, na surua miezi 9 na 18, kwa hiyo nesi wa Isebania ataielewa akiitazama tu. Chanjo za watoto katika vituo vya serikali ni bure. "Nesi atanigombeza." Huenda akakugombeza. Vumilia dakika hizo mbili. Akina mama wengi wameacha kliniki kabisa kwa kuogopa maneno, na mtoto ndiye aliyelipa.

Kwa mzazi anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kaunti hizi mbili ni miongoni mwa zilizo na maambukizi mengi nchini, na huduma zake zimezoeleka, kwa hiyo usijifiche. Ukimeza dawa kila siku na virusi vikafifia, utanyonyesha kama mama mwingine yeyote. Mtoto hupewa dawa yake ya kinga, na hupimwa wiki ya 6, mwezi wa 6, wa 12 na wa 18. Hatari kwa anayehama ni pengo: wiki tatu bila dawa kwa sababu hukujua uanzie wapi mahali papya. Kabla ya safari omba barua ya uhamisho na dawa za ziada. Kama uhamisho ni wa ghafla, ingia kituo chochote chenye huduma hiyo na useme ukweli. Watakupa za kukusogeza.

Mnaoishi machimboni: zebaki

Wengi wanaofika Macalder, Osiri na machimbo mengine ya Nyatike wanajua hatari ya shimo kuporomoka. Zebaki hawaihofii, kwa sababu haiumi siku ile unapoishika.

Kazi yenyewe mnaijua. Mawe yanasagwa, unga unaoshwa, kisha zebaki inachanganywa ndani ya karai kwa mkono mtupu ili ishike dhahabu. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, linawekwa juu ya makaa, zebaki inaondoka kama mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke huo hauonekani na hauna harufu. Unaingia mapafuni, kwa mjamzito unavuka hadi kwa mtoto, na ubongo unaokua ndio unaoumia. Kitambaa ulichofunga puani hakiuzuii.

Fanyeni hivi:
- Mjamzito na anayenyonyesha waache kabisa kuchanganya na kuchoma. Kama lazima afanye kazi eneo hilo, apewe ya kuuza chakula, kubeba maji au kuuza duka, mbali na moshi.
- Msichome ndani ya nyumba wala juu ya jiko la kupikia, hata mara moja. Mvuke hukaa kwenye kuta, matandiko na mabati.
- Karai la zebaki lisiogeshee mtoto wala kukandia unga. Litie alama, lifungiwe nje.
- Baba akitoka kazini abadilishe nguo na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.
- Mtoto asilazwe kwenye gunia karibu na mashine ya kusaga. Vumbi lile humwingia kifuani, na akianza kutambaa shimo liko hatua chache.

"Basi niache kunyonyesha?" Usiache. Maziwa yako bado ni salama kuliko maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya machimboni. Acha zebaki, uendelee kunyonyesha, na umweleze nesi kazi unayofanya.

"Nikiacha kuchoma tutakula nini?" Swali hili ni zito na silipuuzi. Jibu langu ni kwamba mpange miezi ya mimba na kunyonyesha kama kipindi ambacho mmoja anafanya kazi ya zebaki kwa umbali, na mwingine anafanya kazi nyingine yenye malipo madogo. Pato litapungua kwa muda. Ubongo wa mtoto ulioharibika haurudi.

Mnaoishi bichi

Maji kwanza. Ziwa lina kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi. Usimwogeshe mtoto ziwani wala kwa maji yaliyotekwa sasa hivi. Teka, uyaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, au uyachemshe. Ya kunywa na ya kukorogea uji lazima yachemke au yatiwe dawa ya maji. Kipindupindu kimepita pande hizi zaidi ya mara moja. Mtoto akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti na vidonge vya zinki, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituoni.

Botini usimfunge mtoto mgongoni. Mbebe kifuani, uvae jaketi la kuokolea, na usipande boti iliyojaa kupita kiasi kwa sababu tu ndiyo ya mwisho.

Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mkubwa. Itumieni kalenda hiyo. Siku za mwezi mkubwa ziwe za baba: yeye ampeleke mtoto kliniki, afue, amwache mama alale. Kwa mama anayenunua omena alfajiri, kamua maziwa usiku kwenye chombo safi chenye mfuniko, uyaweke penye ubaridi. Kwa joto la huku yasizidi saa 4. Na mtoto akifika miezi sita, omena aliyekaushwa vizuri, akatolewa mchanga na kusagwa, ni kitoweo kizuri cha kuongeza kwenye uji au viazi vilivyopondwa. Chakula hicho mnacho mlangoni, msikiuze chote.

Mama yangu hayupo: nani atanisaidia?

Wageni wengi hujitenga kwa haya: lugha hawajaijua, wanaona wenyeji wana mambo yao. Usingoje kufuatwa. Kabla hujajifungua, tafuta watu wanne:
- Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa huo. Kazi yake ni kutembelea nyumba, lakini wapangaji wa ploti hurukwa kwa kuwa wanahama hama. Muulize chifu au mzee wa mtaa jina lake, uende mwenyewe ujiandikishe.
- Mama mmoja mtu mzima wa jirani. Msalimie, mpelekee kitu kidogo, mwambie wazi: "Mama, mimi ni mgeni hapa, mama yangu yuko mbali, naomba uniangalie." Ombi la namna hiyo ni nadra likataliwe hapa.
- Mama mwenye mtoto wa umri wa wako, mkae zamu.
- Chama, kanisa au msikiti. Ingia kabla ya shida, utoe mchango wako hata ukiwa mdogo.

Mkunga wa jadi naye, nyamrerwa, usimdharau. Huko Rongo, shirika la Lwala, lililofungua kliniki yake mwaka 2007, liliwaingiza wakunga wa jadi katika kazi ya kuwasindikiza akina mama hospitalini, na hilo ndilo jukumu linalowafaa: akushike mkono, akusindikize, akukande mgongo. Kuzalisha waachie wenye vifaa.

Utapewa ushauri mwingi, na mwingine utagongana na wa kwenu. Mmoja atakuambia umpe mtoto manyasi, yaani dawa ya mitishamba, mwingine maji ya sukari, mwingine uji mwezi wa tatu kwa sababu "maziwa hayamtoshi". Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, wala maji, hata kwenye joto hili. Dawa aliyoandikiwa na daktari tu ndiyo inaruhusiwa. Kataa kwa adabu: "Asante mama, nesi ameniambia ningoje miezi sita." Usiseme kwenu hamfanyi hivyo, hapo utakuwa umeanzisha vita vya makabila kwa sababu ya kijiko cha maji. Ya kukandwa, ya nyimbo, ya majina, ya kupumzishwa, yapokee. Yanakupa jamaa wapya.

Baba

Nisiandike mengi, maana mnajua. Ugenini hakuna shangazi wa kufanya kazi yako. Pika, chota maji, shika mtoto. Ukiwa mbali, tuma pesa siku inayojulikana, hata kidogo, kuliko kutuma nyingi siku isiyojulikana. Mama anayejua hela inafika Ijumaa hataenda kukopa duka kwa bei ya kuumiza. Mwajiriwa wa kampuni ana haki, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ya likizo ya wiki mbili yenye malipo, na mama miezi mitatu. Omba kwa maandishi.

Nimpeleke mtoto kwa nyanya?

Ushauri wangu: si kabla ya mwaka mmoja, na kamwe si kabla ya miezi sita. Ni nafuu kumlipia nauli nyanya au dada yako aje miezi miwili kuliko kununua maziwa ya kopo na kutibu kuhara. Ikiwa hakuna njia nyingine:
- mtoto aende na kijitabu, cheti cha kuzaliwa na chandarua;
- nyanya apewe ruhusa ya kuamua matibabu, na pesa za dharura zikae mkononi mwake;
- jueni kliniki ya huko kabla mtoto hajafika;
- pigeni simu kila wiki, na muulize mambo maalumu: amekula nini, uzito wake ni kilo ngapi, sindano inayofuata ni lini.

Na msichukue msichana wa miaka kumi na miwili kutoka kijijini awe yaya. Huyo naye ni mtoto, na mahali pake ni shuleni.

Moyo wa mama

Kulia siku chache baada ya kuzaa ni kawaida. Ikipita wiki mbili na bado hulali hata mtoto akilala, huoni ladha ya kitu, huna hisia kwa mtoto, au unawaza kujidhuru au kumdhuru, huo ni ugonjwa na una tiba. Mwambie nesi kwa maneno hayo hayo. Wengine watasema umerogwa, au kwamba ni kosa la kutofuata mila za hapa. Wasikilize ukiwa njiani kwenda kliniki. Mume akiona mkewe anaongea asiyoeleweka au anasikia sauti, asimwache peke yake na mtoto hata saa moja; ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Cheti cha kuzaliwa

- Mtoto akizaliwa hospitalini, omba karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kabla ya kutoka. Akizaliwa nyumbani, nenda kwa naibu chifu wa eneo alikozaliwa.
- Sajili ndani ya miezi sita. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye safari na maswali mengi zaidi, na ukiwa umeshahama, utarudi kule kule.
- Soma herufi za majina moja moja kabla ya kutia sahihi. Jina lililokosewa leo litakusumbua mtoto akifanya mtihani.
- Mama asiye na ndoa anaweza kuandika jina la baba. Mahakama Kuu iliondoa kizuizi hicho mwaka 2016. Katiba ya 2010 inasema malezi ni wajibu wa baba na mama, wameoana au hawajaoana.
- Mzazi mmoja akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya. Wazazi wote wawili wakiwa wageni, mtoto aliyezaliwa hapa bado anastahili cheti, ingawa cheti pekee hakimpi uraia.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kuacha kijitabu kwa mama mkwe "kisipotee", kisha kuhama bila hicho.
- Kumnunulia mtoto nguo nyingi na kukosa hela za usafiri wa hospitali.
- Kungoja mume arudi kutoka ziwani mtoto akiwa na homa. Huku homa ya mtoto hupimwa malaria siku hiyo hiyo.
- Kununua dawa za homa dukani kwa kukisia, nusu dozi, zingine zikawekwa kwa "safari nyingine".
- Kubeba mimba ya pili mtoto akiwa na miezi minne kwa kuamini kunyonyesha kunatosha. Siku ya sindano za wiki ya 6, uliza kuhusu kupanga uzazi kabla hujaondoka.
- Kukaa mwaka mzima kwenye ploti bila kumjua jirani hata kwa jina.

Ukiwa umesoma hadi hapa na mimba ina miezi mitano, anza leo na mawili: piga *147#, kisha uende kwa mzee wa mtaa ukaulize jina la mhudumu wa afya ya jamii. Na kama wewe ni mwenyeji, na kwenye ploti ya jirani kuna msichana mgeni mwenye mimba ambaye hujawahi kumsalimia, bisha hodi kabla jua halijatua.